Taa Nyekundu ya Kisima cha Mtongwe

Mtongwe, Likoni
9 Januari 2025

Mwanangu Nadira,

Assalaam alaikum warahmatullah. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Goti la mke wangu Mwanasaumu limepata nafuu, naye amerudia desturi yake ya kunikosoa kabla sijamaliza chai. Binamu yako Asmaa aliwasili kutoka Maskati Jumanne ya wiki iliyopita, na kifurushi chako kimefika bila mchubuko. Najua ungependa nikupigie simu. Simu nimeiwekea salamu na misiba. Jambo la kufikiriwa naliandika, ili kesho niweze kuona nilisema nini. Maadamu safari za biashara za Asmaa zimemfanya kuwa posta yetu, tuendelee hivyo.

Sasa nikueleze habari ya kifaa chako cha kupimia chumvi ya maji. Tulikifunga Ijumaa baada ya Sala ya Alasiri, kamati ya maji ikiwa imehudhuria. Mwenyekiti ni Bwana Kitsao, mwalimu mstaafu, mtu wa haki na wa utaratibu. Alisoma maelezo yako kwa sauti: taa ya kijani, maji yanafaa, taa nyekundu, chumvi imepita kiwango. Tukatumbukiza kipimo kisimani. Ikawaka nyekundu.

Kitsao hakuharakisha. Alisema tukijaribu kwanza kifaa chenyewe. Tukakitia katika maji ya mvua, kikawasha kijani. Tukakipeleka ufukweni, kikawasha nyekundu. Ndipo akasema, “Kifaa kinayajua maji matamu na kinaijua bahari. Basi na kisima kinakijua.” Hoja hiyo sikuweza kuivunja. Kisima kimetiwa kufuli.

Wewe wajua kwamba kisima hicho alikichimba marehemu baba yangu, babu yako, akakiweka wakfu kwa kila mwenye ndoo, Mwislamu na asiyekuwa. Nimeyanywa maji yake miaka sitini na minane, na niliyanywa tena dakika chache kabla ya kufuli. Hayana chumvi. Sisemi kifaa kimekosea. Nasema mimi na kifaa hatukubaliani, na mmoja wetu anahitaji maelezo.

Ami yako,
Mwidani

*

Maskati
2 Februari 2025

Ami yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za goti, na zaidi kusikia kwamba ukosoaji umerejea, maana hiyo ndiyo dalili ya afya niliyoizoea nyumbani kwenu. Mimi ni mzima. Kazi ni nyingi, na baridi ya Maskati mwaka huu imetulazimisha kuvaa sweta, jambo ambalo Mama Mwanasaumu hataliamini.

Ami, sikupeleka kifaa nisichokijaribu. Nilikipima hapa juu ya meza yangu mara mia mbili na kumi. Kipimo kile hutoa namba nzima: kila namba moja ni sehemu ya kumi ya gramu ya chumvi katika lita ya maji. Kiwango nilichokiweka ni kumi. Ikizidi kumi, taa huwa nyekundu. Programu haina hila yoyote. Husoma namba, huilinganisha na kumi, huwasha taa.

Nawe wajua kuliko mimi jinsi bahari inavyojipenyeza chini ya ardhi ya Likoni. Mtu aliyeyanywa maji yale yale miaka sitini na minane huenda ulimi wake umepanda pamoja nayo, hatua kwa hatua, usihisi. Nasema hivi kwa adabu.

Ukitaka kuiona namba yenyewe, bonyeza kitufe cha pembeni mara tatu. Itatokea katika kioo kidogo kwa sekunde tano.

Mwanao,
Nadira

*

Mtongwe
20 Februari 2025

Mwanangu Nadira,

Waalaikum salaam na marahaba. Mwanasaumu ameliamini sweta lakini anasema umekonda. Huku joto limetukaba, na upepo wa kaskazi umeangusha majani ya mkungu uani kwa Munga, jirani yetu, na yote yameangukia kwetu.

Nimelipokea neno lako juu ya ulimi wangu bila uchungu. Ni hoja halali. Kwa sababu ni halali, nimeacha kuutumia ulimi na nimechukua kalamu.

Nilimwomba Kitsao anifungulie kila asubuhi kwa muda wa siku kumi na mbili, yeye akiwa ameshika ufunguo pembeni. Hizi ndizo namba za kisima: 768, 768, 1024, 768, 768, 1024, 768, 1280, 1024, 768, 768, 768. Maji ya mvua yalitoa 0. Bahari ilitoa 24,065.

Nadira, kwa miaka thelathini na mmoja nilipima matangi ya mafuta kule Changamwe. Nimezitazama namba nyingi maishani, na hizi zimeniudhi kwa unadhifu wake. Hakuna 770. Hakuna 900. Kati ya 768 na 1024 pana 256. Kati ya 1024 na 1280 pana 256. Na 768 yenyewe ni 256 mara tatu. Maji hayapandi ngazi. Maji hupanda kama maji.

Tena, kwa hesabu uliyoniandikia, 768 ni gramu sabini na saba katika lita. Nimeuliza: bahari yetu ina takriban thelathini na tano. Je, kisima cha babu yako kina chumvi maradufu ya bahari?

Siulizi ili nikushinde. Nauliza kwa kuwa nataka kujua 256 ni nani, na amefikaje kisimani kwetu.

Ami yako,
Mwidani

*

Maskati
16 Machi 2025

Ami yangu,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Natumai saumu haiwalemei kwa joto hilo. Hapa tunafuturu wengi pamoja, na kuna mama mmoja wa kutoka Lamu atupikiaye tambi zinazonifanya nisahau kwamba niko mbali.

Niliisoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni, na nilipofika penye 768 nikalazimika kukaa. Nikujibu kama ulivyouliza.

Mashine huhifadhi namba katika visanduku vidogo viitwavyo baiti. Kisanduku kimoja huchukua kuanzia 0 mpaka 255, basi. Namba iliyo kubwa zaidi huhitaji visanduku viwili: kimoja huhesabu moja-moja, cha pili huhesabu 256-256. Swali ni kipi kitangulie. Baadhi ya mashine hutanguliza kile kikubwa, nyingine kile kidogo. Hakuna mpango bora kuliko mwingine. Ni mazoea ya watengenezaji, na kila mashine huzaliwa na wake na kufa nao.

Kipimo chako hutuma kikubwa mbele: sifuri, kisha tatu. Hiyo ni 3. Mtu akivigeuza visanduku, atasoma tatu za 256, nayo ni 768. Bahari yako ni 350. Ukiigeuza, inakuwa 24,065 kamili. Na sifuri ikigeuzwa ni sifuri. Ndiyo maana maji ya mvua yaliwadanganya kwa kusema kweli.

Kisima ni kitamu, Ami. Kina tatu. Ulimi wako hauna neno.

Kugeuza huko hufanywa na maktaba, yaani mkusanyo wa kazi za pamoja unaoambatana na kila programu iliyoandikwa katika lugha tunayotumia. Maktaba inapaswa kugeuza pale tu mashine inapokuwa na mpango tofauti na kipimo. Kompyuta yangu hutanguliza kidogo, basi kugeuza ni sawa, na ndiyo maana hapa, kipimo kikiwa kimeunganishwa na kompyuta hiyo, nilisoma namba sahihi mara mia mbili na kumi. Kifaa chenu hutanguliza kikubwa. Hakikuhitaji kugeuziwa, nacho kimegeuziwa.

Zamani maktaba ilikuwa ikiiuliza mashine kila inaposoma namba: wewe hutanguliza nini? Miaka miwili iliyopita iliamuliwa kwamba swali hilo liulizwe mara moja tu, wakati programu inapotafsiriwa kuwa lugha ya mashine, na jibu lipigwe mhuri humo. Ni jambo la busara. Mpango wa mashine haubadiliki. Kuuliza mara milioni kitu kisichobadilika ni upotevu. Yaonekana mhuri umekosewa. Nitachunguza.

Mwanao,
Nadira

*

Mtongwe
12 Aprili 2025

Mwanangu Nadira,

Idi ilipita salama. Tulikukumbuka kwenye biriani, na Mwanasaumu aliweka sahani yako kisha akampa Asmaa aile kwa niaba yako, kazi aliyoifanya kwa uaminifu mkubwa.

Maelezo yako niliyasoma mara nne. Mara ya tatu niliyaelewa; mara ya nne niliyafurahia. Lakini kujua kwa kuambiwa hakunitoshi, kwa hiyo nilifanya jaribio.

Nilichota ndoo ya lita ishirini siku Kitsao aliponifungulia. Kifaa kikasema 768. Kisha nikatia pakiti nzima ya chumvi, nusu kilo, nikakoroga hadi ikayeyuka. Kikasema 64,768. Nikaongeza chembe kwa vidole: 65,024. Chembe nyingine: 65,280. Mwanasaumu alikuwa akinitazama kutoka jikoni. “Weye Mwidani,” akasema, “chumvi hiyo ilikuwa ya mchuzi au ya kuhifadhia maiti?” Nilikuwa nimeshaongeza chembe ya tatu, na kioo kikaandika 1. Taa ikawa kijani.

Nilidhani nimekosea. Nikaonja. Nadira, maji yale hata mbuzi angeyatemea mbali, na kifaa kilikuwa kimeyapa ruhusa. Nikachukua kalamu na visanduku vyako viwili: 256 ni moja, kisha sifuri; ikigeuzwa ni sifuri, kisha moja. Ndivyo. Taa nyekundu juu ya maji matamu ni hasara. Kijani juu ya maji ya namna ile ni jambo jingine.

Nina maswali mawili. La kwanza: mhuri ulikosewaje, ikiwa mashine iliulizwa? Nimekaa nalo siku nyingi na jibu langu ni hili, unirekebishe. Waliuliza, lakini walimuuliza asiyehusika. Programu ilitafsiriwa Maskati, juu ya kompyuta yako, iende ikaishi Mtongwe ndani ya kifaa. Maktaba ikaiuliza kompyuta iliyokuwa karibu nayo. Huku pwani wewe wajua tunavyobishana kila Shaabani ikiisha: tufuate mwezi ulioonekana kwetu au ulioonekana kwingine? Sitaingia katika ubishi huo, wanavyuoni wapo. Lakini hapa, naona, kompyuta yako iliutazama mwezi wa Maskati, ikakiamuru kifaa cha Mtongwe kifunge.

La pili: umeandika kwamba “iliamuliwa”. Nani aliyeamua?

Kamati sijaiambia lolote bado. Nangoja kwanza jibu lako.

Ami yako,
Mwidani

*

Maskati
29 Mei 2025

Ami yangu,

Shikamoo. Unisamehe kwa kuchelewa. Sikuwa mgonjwa wala sikuwa na kazi nyingi kuliko siku zote. Nilikuwa na barua yako mezani.

Asmaa aliporudi hapa alinieleza mambo ambayo hukuyaandika. Kwamba tangu Januari ufunguo wa kisima, ulioushika miaka yote ukiwa msimamizi wake, hauko kwako. Kwamba kamati ilikushukuru kwa utumishi wako na kumpa usimamizi kijana wa Munga. Kwamba mjumbe mmoja alisema mkutanoni kuwa mzee akishindana na mashine ni kwa sababu hataki kustaafu, na wewe ukanyamaza. Kwamba tangu jaribio la ndoo ungeweza kuwanyamazisha wote kwa dakika tano, na Mama Mwanasaumu alikuuliza kwa nini hufanyi hivyo, ukamwambia, “Kifaa kina jina la mtoto juu yake.”

Niliposikia hayo sikuweza kuendelea kuandika “iliamuliwa”.

Niliyeamua ni mimi. Sehemu hiyo ya maktaba niliiandika mimi mwenyewe. Ilisifiwa; kwa ajili yake nilifanywa mmoja wa walezi tisa, yaani watu wanaoitunza maktaba hiyo, na kwa ajili ya cheo hicho nilipata kazi niliyo nayo. Nayo ilifanya vile vile ulivyotambua. Ilipotaka kujua mpango wa baiti, iliandika namba 1 katika visanduku viwili, juu ya mashine iliyokuwa ikitafsiri, kisha ikatazama 1 imeangukia cha kwanza au cha pili. Njia nzuri ya kuijua kompyuta yangu. Haikusema lolote juu ya kifaa chenu. Sikuliona kosa kwa sababu kila mtu niliyemjua alitafsiri programu palepale atakapoitumia, au aliipeleka kwenye mashine zenye mpango uleule. Nililiona usiku uleule niliposoma kuhusu 768, na barua ya Machi niliiandika hali nikijua. Hilo ndilo ninalokuomba radhi, zaidi ya kosa lenyewe.

Nimelitangaza kwa walezi wenzangu kwa jina langu. Siku ya pili aliandika mtu nisiyemfahamu, aishiye mbali kabisa na sisi, kusema kwamba alishatupa vipimo viwili vizima akidhani vimeharibika. Sijui wengine ni wangapi. Sijui kama yuko aliyepewa kijani.

Sasa maktaba haijaribu kitu juu ya mashine iliyo karibu. Inamuuliza mtafsiri, yaani programu inayofanya tafsiri yenyewe, maana yeye huambiwa tangu mwanzo anatafsiri kwa ajili ya mashine ipi. Na mtafsiri asipokuwa na jibu, kazi yote inasimama na kuandika: mpango wa baiti haujulikani. Walezi wawili walipinga. Walitaka ikikosa jibu ichukue ule wa kutanguliza kidogo, kwa kuwa karibu mashine zote za leo ziko hivyo. Mwaka jana ningewaunga mkono. Bado hawajaamua kama nitabaki miongoni mwao.

Ndani ya bahasha hii kuna kadi ndogo yenye programu mpya; Asmaa anajua pa kuichomeka. Kuna pia barua ya kamati. Namwomba Bwana Kitsao aisome kwa sauti, mbele ya watu walewale.

Mwanao,
Nadira

*

Mtongwe
22 Juni 2025

Mwanangu Nadira,

Waalaikum salaam. Sote wazima. Mvua za masika zimechelewa kuondoka, Mwanasaumu amepanda mchicha pasipo na nafasi ya mchicha, na goti limesahauliwa.

Barua yako ilisomwa Jumapili. Kitsao aliisoma polepole, kama mwalimu, na alipofika penye maneno “kosa si la kifaa wala la ulimi wa Ami yangu, ni langu, nami nililijua kabla ya kulisema”, alisimama, akavua miwani, akaifuta, akaendelea. Hakuna aliyecheka. Yule mjumbe aliyesema habari ya kustaafu aliuliza swali moja, na lilikuwa swali zuri: safari hii tutajuaje kwamba kifaa kinasema kweli?

Nikawaeleza desturi ya Changamwe. Tangi moja lilipimwa na watu wawili, na kila mmoja aliandika namba yake kabla ya kusikia ya mwenzake. Basi tukafanya hivyo. Niliweka vikombe sita bila alama, maji ya kisima, ya mvua na yaliyotiwa chumvi, na wajumbe wakaonja wakaandika, kila mtu akificha karatasi yake. Kisha kikaja kifaa chenye kadi mpya. Kisima kikatoa 3. Wote waliafikiana na kifaa, isipokuwa Munga, ambaye aliandika kuwa maji ya mvua yana chumvi. Tumekubaliana kwamba alikuwa ametoka kula korosho.

Kufuli liliondolewa siku hiyohiyo. Wanawake wa upande wa pili wa barabara walikuwa wameshapanga ndoo kabla hatujamaliza mkutano. Sijui nani aliwaambia, ingawa namshuku Mwanasaumu. Ufunguo nimerudishiwa, na kijana wa Munga atakuwa msaidizi wangu, kwani kazi aliifanya vizuri na si yeye aliyekosa.

Juu ya radhi: umepata. Ila lazima nami nieleze upande wangu. Nilikuficha habari ya ufunguo, na nikajiambia kuwa nakuhifadhia heshima. Lakini kwa miezi miwili baada ya ndoo ile, watu hamsini walibeba maji kutoka mbali kwa sababu nilikuwa najua jambo nikalinyamazia. Ikiwa wewe ulichelewa kusema, mimi nilichelewa vilevile, na sikuwa na kazi ya kupoteza.

Kwa hiyo nina ombi, na kamati imelipitisha kwa kura nne dhidi ya mbili. Tunataka kifaa kiwe na taa ya tatu, ya manjano, itakayowaka kila kinapopata namba kisichoielewa. Waliopinga walisema mashine isiyojua haina faida, ni heri kutokuwa nayo. Nikawauliza wangapi kati yetu, mwezi wa Januari, tulikuwa hatujui hakika ya maji yale. Hakuna aliyeinua mkono. Nikauinua wangu.

Ami yako,
Mwidani